Lalamiko Kuhusu Jezi Nitakayozikwa Nayo

Nyumba Na. 41, Mtaa wa Cobb,
Slate Hill, Harkness,
Pennsylvania.
Julai 19, 2023

Kwa Mhariri,
Gazeti la Harkness Lantern.

Ndugu Mhariri Rosalind Pekar,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la mama yako limepona. Mimi si mzima. Nina miaka themanini na tisa, moyo wangu unafanya kazi kwa robo, na Dakta Imhoff, ambaye ni mtu mpole sana, amenishauri nisihangaike kununua kalenda ya mwakani. Nakuandikia nikiwa kitandani, ghorofani, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo naomba uuvumilie mwandiko. Zamani uliusoma bila taabu. Nilikufundisha Kilatini mwaka 1979 na nikakupa B. Baada ya kusoma gazeti lako la Jumapili ya Julai 9, nasikitika kukuarifu kwamba B hiyo nimeifuta.

Nazungumzia ukurasa wako wa michezo, wenye kichwa cha habari "Makotabeki Kumi Bora wa Zama za Matope, 1955 hadi 1975." Wa kwanza umemweka Buck Tillery. Wa pili umemweka Lou Bertolini. Wanane waliobaki ni wa timu za miji mingine na sina ugomvi nao.

Wasomaji wako wazee wanajua kwamba wote wawili walikuwa wetu, wa Colliers ya Harkness, timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Bertolini alishika nafasi hiyo kwa miaka tisa, Tillery akaja kijana na kumpokonya, na tangu siku hiyo mji huu haujawahi kula chakula cha jioni kwa amani. Kotabeki, mrusha pasi wa timu, si mchezaji kama wengine kumi. Mpira wote unapitia mikononi mwake. Akirusha pasi nzuri watoto wanapewa jina lake, akirusha mbaya padri anamtaja kwenye mahubiri. Kwa hiyo kupanga nani wa kwanza na nani wa pili si jambo la kufanyiwa mchezo wakati wa kiangazi eti kwa sababu habari zimekosekana.

Lakini nieleze kwa nini kwangu mimi ni suala la kufa na kuzikwa.

Ijumaa moja ya Kwaresima mwaka 1974, mwaka ambao Tillery alistaafu, nilikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Casimir nikila samaki wa kukaanga pamoja na jirani yangu, Orville Stum. Orville alikuwa mpeleka barua wa mtaa wetu kwa miaka thelathini na minane. Yeye ni mtu wa Tillery, mimi ni mtu wa Bertolini. Tulibishana mpaka samaki wakapoa, kisha pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya viazi, zikapoa, kisha meza za jirani zikaacha kula na kuanza kutusikiliza. Marehemu Padri Wojnar alichoka, akatuandikisha mkataba nyuma ya karatasi ya bei za samaki. Unasema hivi: atakayetangulia kufa, ikiwa Lantern litakuwa limemtaja kotabeki wa mwenzake kuwa bora kuliko wake, atazikwa akiwa amevaa jezi ya kotabeki wa mwenzake, na jeneza litakuwa wazi.

Tuliweka sahihi. Karatasi ninayo, ina sahihi tatu na doa la mafuta. Kwa miaka arobaini na tisa wahariri waliokutangulia, watu wenye busara na waliopenda madirisha yao yasivunjwe kwa mawe, hawakuthubutu kumtaja yeyote kuwa bora. Umethubutu wewe, mwezi ambao mimi ninakufa.

Kwa ufupi, Ndugu Mhariri, umenivika namba 8, jezi ya Tillery. Malalamiko yangu ni haya:

1. Orodha yenu imetungwa na mtaalamu wa takwimu, Bwana Trent Oberlander, mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Amempa Tillery alama 91.4 na Bertolini 88.7. Naomba anieleze theluji ameiweka kwenye safu ipi. Matope ameyaweka wapi? Na meno je? Bertolini alipoteza meno manne uwanjani akiwa kazini kwa ajili yetu. Moja lilipatikana mwezi wa Aprili, mtunza nyasi alipokuwa akikata majani, na likarudishwa kwa mwenyewe kwenye bahasha. Tillery alistaafu na meno yake yote, na akalipwa kutangaza dawa ya meno. Mimi ni mwalimu wa Kilatini, si wa hesabu, lakini najua kwamba mtu mwenye meno yote hakuwa karibu na kazi.

2. Picha ya Tillery ni pana kuliko ya Bertolini kwa unene wa kidole kimoja. Nimepima. Bernadette, binti yangu, amepima pia, ingawa yeye alifanya hivyo ili ninyamaze.

3. Mmeandika kwamba pasi za Bertolini "zilikosa mzunguko." Hili ni kweli na sitalikana, maana niko karibu sana na hukumu kubwa kuanza kukana mambo. Pasi za Bertolini zilikwenda zikiyumbayumba. Orville ana maneno yake ya siku zote juu ya hilo: "Profesa, wangu anarusha mkuki. Wako anarusha kuku juu ya ua." Nami humjibu, tangu enzi za Rais Johnson, "Orville, kuku huyo alitua wapi?" Naye hugeukia samaki wake, kwa sababu kuku yule alitua siku zote mikononi mwa mtu wetu, ilhali mikuki mingi ya Tillery ilidakwa na wapinzani wetu wa Cleveland.

4. Matokeo ya makala yenu hayakukawia. Jumapili saa tatu asubuhi Orville aliukata ukurasa ule, akautia kwenye plastiki, akaufunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti chake cha maegesho, na akakiweka kiti hicho barabarani chini ya dirisha langu.

Wewe ni mzaliwa wa hapa, kwa hiyo utaona uzito wa jambo hili. Mtu akizoa theluji mbele ya nyumba yake kwa koleo mpaka mgongo ukalia, anaweka kiti cha jikoni hapo kulinda nafasi ya gari lake, na hakuna mtu wa Slate Hill atakayekigusa kiti hicho. Tumewahi kuona gari la zimamoto likikizunguka. Lakini hiyo ni desturi ya Januari! Sasa ni Julai. Hakuna theluji, Orville hana gari tangu wamnyang'anye leseni, na nafasi anayoilinda ni ya hasira zangu tu. Nilimfungulia dirisha nikamwambia akiondoe. Akaniambia kutoka chini, mbele ya watu waliokuwa wakitoka misani, "Kiondoe mwenyewe, Profesa, kama desturi inakuruhusu." Hainiruhusu. Bernadette naye amekataa, kwa sababu amelelewa vizuri. Kwa siku kumi nimekuwa nikiamka na kumwona Tillery akitabasamu kwa meno yake yote.

5. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, na ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Ile mechi ya Desemba 1966 mmeipa mstari mmoja na nusu. Mmeandika kwamba Tillery aliumia bega, kwamba Bertolini, akiwa na miaka thelathini na sita na goti moja, aliingia dakika ya mwisho kwenye theluji, na kwamba alishinda mechi kwa "pasi ya yadi thelathini na moja, ya mkono wa kushoto kwa mujibu wa mashahidi." Mstari mmoja na nusu! Pasi ile aliirusha akiwa amepiga goti. Beki alikuwa amemshika mkono wa kulia, akauhamishia mpira mkono wa kushoto kama mtu anayehamisha kikombe cha chai, akaupitisha chini ya kwapa la beki wa pili, na mpira ukaondoka ukirusha vumbi la theluji kwenye mshono wake. Kanda ya video ilifutwa na kituo cha runinga ili warekodi kipindi cha mapishi, kwa hiyo ushahidi uliobaki ni wa binadamu. Mwanzoni watu waliokuwa uwanjani hawakuukumbuka mkono wa kushoto, kwani theluji ilikuwa nzito na kila mmoja alikuwa amejifunika blanketi. Lakini baada ya mimi kuisimulia miaka kumi darasani, kanisani na kwa kinyozi, kumbukumbu zao ziliimarika, na leo sijui mtu wa rika langu asiyeukumbuka.

Shahidi mkuu, Ndugu Mhariri, ni mimi. Nimesimulia pasi ile kwa miaka hamsini na saba kama mtu aliyeiona kwa macho yake. Wewe mwenyewe uliisikia mwaka 1979, tulipotakiwa kuwa tunasoma vita vya Wagali kwa Kilatini.

Sikuiona.

Siku hizo mechi ya nyumbani haikuonyeshwa nyumbani. Sheria ya ligi ilizima runinga zote ndani ya maili sabini na tano, na tiketi zilikuwa zimekwisha tangu kiangazi. Kwa hiyo wanaume wa Slate Hill waliingia kwenye magari wakaendesha mpaka picha ilipoanza kuonekana. Mimi na Orville tulifika kwenye moteli moja barabara ya kaskazini, maili sabini na sita kutoka uwanjani. Kulikuwa na watu thelathini, runinga moja, na antena juu ya paa ambayo upepo ulikuwa umeivunja shingo. Mwenye moteli akasema picha itakuja ikiwa mtu ataishikilia. Tulipiga kura kwa njiti za kiberiti. Yangu ilikuwa fupi.

Nilipanda robo ya pili ya mchezo. Picha ilikuja nilipoishika antena kwa mkono wa kushoto, nikaelekeza uso mashariki na kuinua kidogo mguu wa kulia. "Hapo hapo!" wakapiga kelele chini. "Usisogee! Usipumue!" Nilikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Orville alisimama mlangoni akinipigia kelele za habari: "Profesa! Tillery kaumia!" "Profesa! Babu yako anaingia!" Kisha nikasikia mlipuko wa sauti ambao sijawahi kusikia tena maishani, watu thelathini kwa pamoja, na nikajua. Nililia juu ya lile paa. Machozi yaliganda.

Nikashuka, Orville akanifunga blanketi, akanitia kwenye gari na kunipa kahawa ya chupa, na kwa maili sabini na sita akanisimulia ile pasi. Alisimulia goti, kwapa, kikombe cha chai na vumbi la theluji. Alisimulia mpaka vioo vya gari vikaingia ukungu. Jumatatu nilisimama mbele ya kidato cha tatu, na neno "niliona" likatoka lenyewe. Nimeungama dhambi zangu zote kwa Padri Wojnar isipokuwa hiyo, kwa sababu naye alikuwa mtu wa Bertolini na sikutaka kumvunja moyo.

6. Mtu asiyefikiri atasema ungamo hili linaudhoofisha upande wangu. Ni kinyume. Fikiri nami kama nilivyokufundisha. Nani alisimulia uzuri wa ile pasi? Orville. Orville ni mtu wa nani? Wa Tillery. Basi sifa kubwa kuliko zote za Bertolini imetoka kinywani mwa adui yake, na ushahidi wa adui hauna upendeleo. Tena, kwa miaka hamsini na saba Orville angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Kila nilipotamka "niliona," kwenye mamia ya Ijumaa za samaki, mbele ya ukumbi mzima, angeweza kusema, "Huyu alikuwa juu ya paa." Hakusema hata mara moja. Amenitania juu ya masikio yangu, suruali zangu, Kilatini changu na mapishi ya marehemu mke wangu Halina, lakini hilo hakuligusa. Nimejiuliza sababu kuliko nilivyojiuliza juu ya moyo wangu, na jibu ni moja tu: alijua kwamba akinitaja mimi, ataulizwa yeye aliona nini, na atalazimika kukiri hadharani kwamba aliona mtu bora kuliko Tillery.

Kutokana na hayo, ninaomba kwa heshima zote:

(a) Jumapili ijayo Bertolini atajwe wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule.

(b) Nakala zote za Jumapili ile zikusanywe mji mzima, pamoja na iliyofungwa kwenye kiti.

(c) Bwana Oberlander aletwe Slate Hill mwezi wa Januari na kupewa koleo.

(d) Ikiwa (a) haiwezekani, nikifa, Lantern litangaze kifo cha Orville siku moja kabla ya changu. Najua yuko hai. Lakini gazeti lenu limewahi kutangaza harusi ya binti yangu kwa bwana harusi asiye wake, na sikuona mtu akifa kwa aibu. Kosa moja zaidi litamfaa mwananchi.

Naomba jibu mapema. Sisemi hivi kwa kukushurutisha, ila Dakta Imhoff hunishika mkono muda mrefu mno siku hizi.

Nisalimie mama yako, wapiga chapa wote wa Lantern, yule bibi wa matangazo ya vifo ambaye tutaonana kikazi hivi karibuni, na watu wote wa meza ya kushoto, ya Bertolini, pale Mtakatifu Casimir. Wa meza ya kulia, ya Tillery, wasalimie pia, kwa baridi.

Aliyekuwa mwalimu wako, na ambaye bado hajavaa namba 8,

Thaddeus Kosciolek

N.B. Barua hii ilikuwa iondoke jana. Nilimpa Orville aipeleke, kwa kuwa miguu yangu haifiki posta na yeye bado anaona kila barua ya mtaa huu ni yake. Nilisahau tabia yake. Aliifungua akiwa ngazi ya tatu. Nilimsikia akiisoma kwa sauti ya chini, kisha akatoka nje, kisha akarudi akipanda ngazi zote kumi na nane polepole, akigonga kitu ukutani. Kilikuwa ni kile kiti. Akakiweka kando ya kitanda, akaketi na kumwegemea Tillery, na akasema, "Profesa, hapa umeungama nusu."

Nikamwambia nusu nyingine siijui. Akasema, "Naijua mimi. Zile kelele ulizosikia paani hazikuwa shangwe. Yalikuwa matusi. Picha ilikatika. Uliachia antena."

"Sikuachia!" nikasema. Ndipo nikakumbuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikavileta mdomoni nikavipulizia.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Kwa muda wa pasi moja," akasema.

Hakuna aliyeona kitu. Dereva mmoja wa lori alikimbia kuwasha redio, wakapata tu kwamba ni Bertolini, yadi thelathini na moja, ishirini kwa kumi na saba. Watu thelathini walitaka kupanda paani kunishusha kwa kunivuta miguu. Orville alisimama mlangoni akawaambia atakayepanda ataanza na yeye.

Nikamwuliza, na kwapa la beki? Akasema kwapa alilibuni tulipopita daraja la kwanza. Na mkono wa kushoto? "Nilikuwa naendesha kwa wa kulia," akasema. "Wa kushoto ndio uliokuwa na nafasi ya kukuonyesha." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa na barafu kwenye nyusi, bwana. Ulishuka ukicheka. Ningekwambiaje kwamba aliyeizima picha ni wewe?"

Tulicheka mpaka Bernadette akapanda na vidonge akidhani ndiyo saa yenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa yote niliyoandika hapo juu. Bila ile pasi, 88.7 ni alama ya haki, hata ya huruma. Tillery ni wa kwanza. Orodha yako iache kama ilivyo, na B yako nimeirudisha. Nakuonya tu kwamba Orville hakubali. Anasema mtu ambaye yeye mwenyewe alimtungia pasi nzuri namna ile hawezi kuwa wa pili kwa yeyote, na ameazima kalamu yangu ili akuandikie malalamiko yake. Tumebishana tangu asubuhi, kila mmoja upande wa mwenzake, na sijawahi kujisikia mzima hivi tangu Pasaka.

Mkataba unabaki. Nitazikwa na namba 8. Orville atabeba jeneza upande wa mbele kushoto, na ameapa kuvaa namba 16 ya Bertolini. Amekwisha kuijaribu, inambana tumboni.

Kiti amekiacha hapa kando ya kitanda, na desturi ya Slate Hill unaijua: hakuna wa kukiondoa.

T.K.